Kipimo cha kashata cha shilingi 8,000: miezi 15 ndani ya Noah ya wanafunzi

Kashata ni vile vipande vya mpira vilivyoinuka kwenye uso wa tairi, na kifaa hiki hupima kina cha mifereji iliyo katikati yake. Chenyewe kinaenea kwenye kiganja. Ni kipande cha plastiki nyeusi, na katikati yake kinapita kijiti cha chuma chembamba kuliko njiti ya kiberiti. Kijiti kina mistari ya milimita, na sehemu ya mwanzo imepakwa rangi tatu: nyekundu, njano, kijani. Hakina betri wala kioo cha namba, na hakikuja na karatasi ya maelezo. Nilikinunua Kariakoo, upande wa Gerezani kwenye maduka ya spea, Machi mwaka jana. Niliambiwa 12,000, nikakipata kwa 8,000. Tangu siku hiyo kinakaa kwenye kidroo cha mbele cha gari pamoja na daftari dogo la kurasa 40, na kila Jumamosi asubuhi natoka navyo vyote viwili.

Naendesha Noah ya wanafunzi, mwaka wa sita sasa. Nawachukua watoto sita kuanzia Salasala na Goba, hapa Dar, nawashusha shule upande wa Makongo, na jioni nawarudisha. Nina msaidizi, dada anayewafungia mikanda na kuwavusha barabara. Wazazi wananiamini na roho za watoto wao kuanzia saa 11 na dakika 50 alfajiri, kabla jua halijatoka. Nalieleza hili ili mjue ninavyokipima kifaa hiki. Mtu mwenye gari la kwendea sokoni Jumapili anaweza kukitazama kwa jicho jingine, na ni sawa.

Ilikuwa masika ya mwaka jana, Jumatatu. Wanaoijua Goba wanajua vile vilima vyake: unashuka, unapanda, unashuka tena, na mvua ikinyesha maji yanakata barabara yakiwa na mchanga wake. Nilikuwa nashuka taratibu, hata 40 sikufika. Mbele yangu bodaboda akasimama ghafla kumshusha abiria. Nikakanyaga breki. Gari halikushika. Stelingi ikawa nyepesi mikononi kama imefunguliwa nati, na Noah ikaendelea kwenda kama mtumbwi. Niliachia breki, nikakanyaga tena, nikavuta kulia, tukampita yule kijana kwa nafasi ya mkono mmoja. Mtoto wa darasa la kwanza aliyekaa nyuma yangu akauliza, "Anti, tumeteleza?" Nikamwambia ndiyo mwanangu, tumeteleza, lakini tumefika salama. Miguu yangu ilitetemeka mpaka getini kwa shule.

Nikaenda moja kwa moja kwa fundi tairi, mzee mmoja mwenye kijiwe chini ya mwembe, ndiye huniziba pancha siku zote. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu. Nikamweleza. Nikamwambia breki nilibadilisha pedi mwezi mmoja tu uliopita, na tairi naziangalia kila siku, zina kashata nzuri. Hakunibishia. Akasema, "Kata stelingi yote kushoto, kisha shuka uje hapa."

Nikashuka. Tairi ya mbele kushoto ilikuwa imegeuza uso wake nje, yote inaonekana. Mzee akachomoa njiti ya kiberiti, akaizamisha kwenye mfereji wa nje, akaweka alama kwa ukucha, akanionyesha: milimita kama tano. Mfereji wa kati, vilevile. Halafu akanishika mkono, akauweka upande wa ndani, ule unaotazama injini. Hapakuwa na mfereji. Palikuwa laini kama kiganja cha mtoto, na karibu na ukingo nilihisi kitu kinanikwaruza kidole. Zilikuwa nyuzi za waya.

Kila siku nilikuwa naitazama tairi ile nikiwa nimesimama pembeni ya gari, na mtu aliyesimama huona ukingo wa nje tu. Ule wa ndani umejificha chini ya bodi, na ndiko mara nyingi tairi huliwa gari likiwa na kasoro ya magurudumu. Miezi mingapi niliwapitisha watoto wa watu kwenye maji nikiwa na tairi nusu kipara, sijui. Mzee ndiye aliyeniambia, "Nunua kipimo, mwanangu. Macho yanapenda kuona kile unachokitaka."

Basi tuje kwenye kifaa. Matumizi yake hayana ugumu wowote. Unakisimamisha juu ya tairi ili vile viguu viwili vya plastiki vikalie kashata, kisha unasukuma kijiti mpaka kiguse chini ya mfereji. Unakiinua, unasoma. Tairi mpya ya gari dogo huanza na milimita 8 hivi. Changu kinasoma milimita na nusu zake, na kwa kazi hii inatosha kabisa. Hakuna mtu anayeamua kubadilisha tairi kwa sababu ya sehemu ya kumi ya milimita.

Kinachohitaji akili ni mahali pa kupima. Kila tairi ina mifereji mikuu mitatu au minne inayozunguka, na napima nje, kati na ndani, kila pahali nasoma peke yake na kuandika peke yake. Mara moja kwa mwezi nalisogeza gari kidogo ili tairi izunguke thuluthi moja, napima tena, nasogeza, napima mara ya tatu, kwa kuwa tairi inaweza kuliwa sehemu moja ya mzunguko na nyingine ikabaki. Tairi za mbele ni rahisi, unakata stelingi. Za nyuma natandika gunia, napiga magoti, naingiza mkono. Na spea nayo naipima. Kazi nzima ya Jumamosi inachukua dakika 10, na hizo ni pamoja na kunawa mikono.

Kuna kosa moja nililifanya wiki za mwanzo na nimewaona wengine wakilifanya. Ndani ya mifereji, kila baada ya nafasi fulani, kuna kinundu kidogo cha mpira kinachokatisha mfereji, kama tuta la barabarani. Ukisimamisha kijiti juu ya hicho kinundu utapata namba ndogo kuliko kweli, utadhani tairi imekwisha. Vinundu hivyo vimewekwa na kiwanda kwa makusudi, urefu wake ni milimita 1.6. Ili uvipate, tafuta kwenye bega la tairi kipembetatu kidogo au herufi TWI, kisha fuata mstari kutoka hapo mpaka ndani ya mfereji. Kashata zikishuka mpaka zikawa sawa na vinundu, tairi imefika mwisho. Ukiwa huna kipimo wala njiti ya kiberiti, tafuta vinundu hivi. Ni vya bure, na viko kwenye tairi yako sasa hivi.

Hiyo 1.6 ndiyo mpaka wa kisheria katika nchi za Umoja wa Ulaya, Uingereza na Japani, na Noah zetu nyingi zinatoka huko Japani. Kwetu Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari liwe katika hali nzuri likiwa barabarani, na trafiki akikukuta na kipara hana haja ya kukupimia milimita. Anakuandikia notifikesheni, 30,000 yako inakwenda. Nimeshailipa, miaka ya nyuma kabla ya haya yote, na wala sikujifunza kitu, kwa sababu nilibadilisha ile tairi moja tu aliyoinyooshea kidole. Januari hii shule zilipokaribia kufunguliwa tulikaguliwa. Askari alipitisha kiganja kwenye kila tairi, nje na ndani, akainama hasa. Nilimheshimu sana kwa kule kuinama kwake.

Lakini mimi sisubiri 1.6. Mpaka wangu ni 3, na nitaeleza kwa nini. Mifereji ile kazi yake ni kupitisha maji. Gari likienda juu ya barabara yenye maji, tairi inayakanyaga na kuyasukuma yaingie mferejini yatoke pembeni na nyuma, ili mpira uguse lami. Mfereji ukiwa mfupi, maji hayana pa kwenda, yanabaki katikati ya mpira na lami, na gari linaelea. Ndiyo ile stelingi nyepesi niliyoisikia Goba. Kiangazi tairi ya milimita 2 inakudanganya vizuri kabisa, kwa sababu kwenye lami kavu inashika. Wataalamu wengi wa tairi wanashauri 3, na mtu anayeendesha kwenye masika na vuli za Dar, ambako mvua ya saa moja inaifanya barabara kuwa mto, ana sababu ya kuwasikiliza. Ukitoka 8 mpaka 3 umeshatumia milimita 5 kati ya 6.4 ambazo sheria za wenzetu zinaruhusu. Unachoacha ni 1.4 tu. Kwa hizo 1.4 sitamweka mtoto wa mtu rehani.

Faida ambayo sikuitegemea ni ya lile daftari. Mei mwaka jana nilifunga tairi nne mpya, 195/65R15, karibu 150,000 kila moja. Zote zilianza na 8. Septemba nikapita kwenye shimo pale lami inapokatika, kishindo kikubwa, lakini gari likaendelea kwenda vizuri, halikuvuta upande wala stelingi haikutetemeka. Jumamosi tatu baadaye nikaandika mbele kushoto: nje 7, kati 7, ndani 6. Nikadhani nimesoma vibaya. Nikapima mara nne. Ndani 6.

Milimita moja. Kwa jicho huwezi kuiona kamwe. Nikaenda kwa fundi wa miguu ya gari, akainua, akashika gurudumu akalitikisa, akakuta tairodi endi, kiungo kinachounganisha stelingi na gurudumu, imelegea. Tukabadilisha, tukapiga alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, na tangu siku hiyo tofauti ile haijaongezeka. Bila kipimo ningeigundua lini? Ningeigundua kama nilivyoigundua ya kwanza, kwenye mteremko, mvua inanyesha. Au mzee angenikuta nimeshapoteza tairi ya 150,000 ambayo upande mmoja bado ni mpya.

Namba tatu za kila tairi zinazungumza ukizizoea. Kati ikiwa chini kuliko pembeni, upepo umezidi. Pembeni zote mbili zikiwa chini kuliko kati, upepo ni mdogo. Upande mmoja peke yake, hapo ni miguu: alaimenti, tairodi endi, bushi, bol jointi. Zikipanda na kushuka unapozunguka tairi, kama mawimbi, tazama shokapu. Mimi tairi zangu za nyuma zilikuwa zinaliwa katikati, nikaelewa kwamba vijana wa upepo walikuwa wananijazia psi 40 kwa mazoea, kila gari 40. Kibandiko cha gari langu kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kimeandikwa Kijapani lakini namba zinasomeka: 230, kwa kipimo cha kilopaskali, ambayo ni kama 33 kwenye geji zetu. Na upepo unapimwa tairi zikiwa za baridi, kabla hujatembea. Sasa nasimama pale pale geji inaposomwa, naomba 33.

Sasa nieleze mahali kipimo hiki kilipokwama, maana kuna mambo hakiyawezi.

Baada ya ile siku ya Goba sikuwa na hela ya tairi nne mpya. Nikaenda kwa muuzaji mmoja wa tairi za mtumba, nikiwa na kipimo changu kipya mkononi, najiamini. Akanitolea mbili zimepakwa dawa ya kung'arisha, nyeusi zinawaka. Nikapima: 6, 6, 6. Zote mbili. Nikalipa, akafunga, nikaondoka nikimshukuru Mungu.

Wiki mbili baadaye nilipitia kwa mzee kuziba pancha ya nyuma. Alipopita mbele akasimama, akainama, akapitisha ukucha ndani ya mfereji taratibu. Akaniuliza nimenunua wapi. Akaniita nitazame. Ukuta wa mfereji haukuwa laini kama unavyotoka kiwandani, ulikuwa na mikwaruzo ya kisu. Vile vinundu vya 1.6 havikuwepo, vimekatwa vyote. Vijistari vyembamba vinavyokata kashata vilikuwa vimekwisha karibu, vimebaki kama mchoro wa penseli, wakati mfereji kando yake una kina cha 6. Na sehemu moja, chini kabisa ya mfereji, palikuwa na mng'ao wa waya.

Zilikuwa tairi zilizochongwa. Mtu alichukua tairi iliyokwisha, akaipitishia kisu cha moto, akachimba mifereji mipya kwenye mpira ule mwembamba uliobaki kuzifunika nyaya. Zipo tairi za malori ambazo kiwanda kimeziachia mpira wa ziada kwa ajili ya kuchongwa, na huandikwa ubavuni REGROOVABLE. Za magari madogo kama yetu hazikutengenezwa hivyo. Ukichonga umefika kwenye nyama. Kipimo changu kilisema kweli, mfereji ulikuwa na 6, lakini nisingeweza kujua kutoka kwenye namba hiyo kwamba chini yake hapana kitu. Nilizifungua siku ile ile, nikakopa kwenye kikoba, na ndipo nikanunua zile nne mpya za Mei.

Kwa hiyo ukienda kununua mtumba, kipimo kiwe cha pili. Kwanza tafuta vinundu. Tairi isiyo na vinundu ndani ya mifereji, iache hapo hapo hata akikupunguzia nusu bei. Kisha soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni, mara nyingi ziko ndani ya duara lililobanwa. 1417 maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2017. Nimeona tairi ya 7 kamili, haijawahi kuguswa na barabara kwa namna ya kusema, na ubavu wake umepasuka vinyufa kama ardhi ya Dodoma mwezi wa Septemba. Mpira unazeeka hata ukiwa stoo. Watengenezaji wengi wanataka tairi ikishapita miaka 5 ikaguliwe na fundi kila mwaka, na ikifika 10 itolewe hata kama kashata zipo. Kipimo hakijui lolote juu ya hayo.

Jambo jingine ambalo kipimo hakilijui ni aina ya mpira. Mzazi mmoja ninayemchukulia mtoto aliagiza gari kutoka Japani, akaniomba nimpimie tairi. Nikapata 6 zote, akafurahi. Lakini kashata zake zilikuwa zimejaa vijistari vya kupindapinda, nikizibonyeza kwa kidole zinalegea kama kandambili, na ubavuni pameandikwa STUDLESS. Hizo ni tairi za theluji. Mpira wake umefanywa laini ili ushike barafu, na kwenye joto la Dar unalika haraka na hausimami vizuri kwenye lami yenye maji. Nilimwambia ukweli: namba nzuri, tairi si za hapa. Alizibadilisha baada ya mshahara.

Kuhusu ubora wa kifaa chenyewe. Kijiti cha chuma hakijapinda wala kushika kutu, na kimeanguka kwenye changarawe mara nyingi. Rangi ya njano imeanza kufutika, ila mistari bado inasomeka. Viguu vya plastiki ndiyo udhaifu wake. Ukikibana kwa nguvu vinapinda kidogo na namba inakosea kwa nusu milimita, kwa hiyo kishike taratibu, kikae chenyewe. Kila mwezi nakihakiki kwenye kioo cha dirisha: nakisimamisha juu ya kioo, nasukuma kijiti mpaka kiguse, lazima kisome sifuri. Mpaka leo kinasoma sifuri. Nisichokipenda ni kwamba kijiti kimelegea kidogo kuliko kilivyokuwa kipya, ukikiinua kwa haraka kinateleza kabla hujasoma. Nakibana kwa kidole gumba.

Nilijaribu pia kile cha umeme chenye kioo cha namba, 25,000, nikavutwa na zile desimali mbili. Wiki za mwanzo kilinipendeza. Lakini unatakiwa kukirudisha sifuri kila unapokiwasha, na ukisahau kinakupa namba ambayo hujui imetoka wapi. Betri yake ni ya kitufe, kama za saa, iliisha Jumamosi saa 12 asubuhi duka la karibu likiwa limefungwa. Halafu siku ya mvua maji yakaingia, namba zikawa nusu nusu. Sasa kiko nyumbani kwenye droo. Fundi mwenye karakana iliyoezekwa na meza kavu, kitamfaa. Mimi napima uani, juu ya gunia, mikono ina tope.

Ukienda kununua, omba kipimo cha kina cha kashata, na kama muuzaji hakuelewi mwonyeshe mfereji wa tairi yoyote iliyo karibu. Hakikisha kijiti ni cha chuma. Hakikisha mistari ni ya milimita, maana vipo vya Kimarekani vinavyosoma kwa sehemu ya 32 ya inchi, utajikuta unasoma 2 ukadhani ni milimita 2 kumbe ni 1.6, umeshafika mpakani. Kihakiki sifuri hapo hapo kwenye kioo cha kabati lake kabla hujalipa. Anayekataa usihakiki, mwachie chake.

Bei ya 8,000 ni halali. Kwa 12,000 bado ningenunua. Zaidi ya hapo zunguka mtaa wa pili, ni kitu kile kile.

Jumamosi iliyopita niliandika hivi. Mbele kushoto: 4.5, 4.5, 4. Mbele kulia: 4.5 zote. Nyuma zote mbili: 5, 4.5, 5, upepo bado nahitaji kuuangalia. Spea: 7. Tangu Mei mwaka jana nimetembea kama kilomita 17,500, kwa hiyo kwa safari zangu na barabara zangu milimita moja inaondoka kila kilomita 5,000 hivi. Nikihesabu kufika 3, zile za 4.5 zingenibeba mpaka Novemba. Lakini vuli huanza Oktoba, na sitaki mvua ya kwanza inikute nakaribia mpaka. Nimeanza kutenga 150,000 mwezi huu wa Juni, nitatenga Julai, Agosti na Septemba, 600,000 itimie, tairi nne zishuke pamoja. Mzee nimeshamwambia anihifadhie Jumamosi ya mwisho ya Septemba.